Matlai Apata Nyumba Mpya

Jamaa zangu mlioko Maskati, Dubai, Mombasa, London na Toronto.

Tangu Ramadhani iliyopita mmekuwa mkiniuliza mbona picha za Matlai zimekatika. Wengine mlidhani amekufa, na shangazi mmoja akanitumia rambirambi. Matlai yu hai, walakin si wetu tena. Nimechelewa kuwaeleza kwa sababu kisa chenyewe kina sehemu inayonitia haya, na mzee hupenda kuisimulia aibu yake baada ya kuizoea. Sasa nimeizoea.

Kwa vijana ambao hawakumjua: Matlai ni farasi jike wa asili ya mustang, rangi ya kahawia iliyokolea, urefu wake begani sentimita 145 hivi. Alizaliwa mwaka 2008 katika nyika za Nevada, akakamatwa angali mdogo, akachukuliwa na mama mmoja wa mashambani huku Minnesota aliyemfunza kwa subira ya miaka mitatu. Binti yangu alimnunua kwa mama huyo mwaka 2014. Alikuwa na umri wa miaka kumi na sita, na fedha aliipata kwa kusafisha mabanda ya farasi kila Jumamosi na Jumapili kwa miaka miwili. Mimi nilimkatalia mara tatu. Mara ya nne marehemu mkewangu aliniambia, "Baba yako alivuka bahari kwa jahazi, wewe umevuka kwa ndege, naye mtoto amezaliwa hapa kwenye theluji. Mwache apate kitu cha kumshikiza na ardhi hii." Nikanyamaza. Jina la Matlai nilimpa mimi, kwa ule upepo wa alfajiri tuliokuwa tukiungoja Lamu ili mashua zitoke.

Naomba niseme kidogo juu ya farasi hawa, maana wengi wetu tumekulia kwenye punda. Neno mustang limetokana na Kihispania, na asili ya maana yake ni mnyama aliyepotea asiye na mwenyewe. Wahispania ndio waliowaleta farasi Amerika, na farasi wa Hispania walikuwa wamekwisha kuchanganyika damu na wale wa Maghrib tangu enzi za Andalus. Wengine walitoroka, wengine waliachwa, wakazaliana porini. Kwa miaka mingi waliwindwa na kuuzwa kwa ajili ya nyama, mpaka Velma Johnston, mwanamke wa Nevada aliyekuwa katibu wa ofisi, alipoanza kuandika barua na kuwahimiza watu, hasa watoto wa shule, nao waandike. Mwaka 1971 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwalinda farasi na punda wa mwituni katika ardhi ya umma. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kama aliyekutana na jamaa ugenini. Sisi makarani hatusifiwi mara nyingi.

Kwa sheria hiyo, Idara ya Usimamizi wa Ardhi hukamata wale waliozidi na kuwapa watu wawalee. Kila anayekamatwa hupigwa alama upande wa kushoto wa shingo kwa chuma kilichogandishwa kwa baridi kali, si kwa moto, na nywele zinazoota hapo huwa nyeupe. Waarabu wa jangwani huwapiga ngamia wao alama waiitayo wasm, kwa hiyo jambo lenyewe si geni kwetu. Lakini hii ya Wamarekani ni daftari kamili. Alama ya kwanza ni ya serikali, tarakimu mbili zilizopandana ni mwaka wa kuzaliwa, na tarakimu sita zinazofuata ni nambari ya mnyama mwenyewe, zote zikiandikwa kwa pembe zilizogeuzwa huku na huku. Siku ya kwanza niliyoonyeshwa Matlai niliinakili alama yake kwenye karatasi, nikaifumbua usiku ule mezani. Nadhani ndipo nilipoanza kumpenda. Nilikuwa nimeona mnyama anayetembea na hati yake shingoni.

Binti yangu alisoma, akawa muuguzi, na mwaka 2022 akapata kazi Seattle. Matlai akabaki katika banda la kukodi upande wa Dayton, dakika kumi na tano kwa gari kutoka nyumbani kwangu Champlin, nami nikawa mlezi wake. Nilikuwa nimestaafu ukarani wa hospitali mwaka mmoja kabla, na mamenu alikuwa amekwisha kututangulia mbele ya haki. Kila asubuhi nilikwenda kumsugua, kumkagua kwato na kumtembeza. Siku za jua tulikwenda Elm Creek, ile hifadhi kubwa iliyo ubavuni mwa mji wetu yenye njia maalumu za farasi. Mimi mzee nilijifunza kupanda nikiwa na miaka sitini na mitatu. Mwendo wa telki niliuweza. Shoti nilimwachia mwenyewe akikimbia uwanjani bila tandiko.

Mlezi mwenye pensheni hukabiliwa na hesabu. Kodi ya banda ilifika dola 450 kwa mwezi. Fundi wa kwato alikuja kila baada ya wiki sita au saba. Daktari wa meno na wa chanjo alikuwa na siku zake. Mnyama wa kilo mia nne na zaidi hula kilo nane hadi tisa za nyasi kavu kwa siku, na katika baridi yetu huzidisha, kwa kuwa nyasi ndizo zinazomtia joto tumboni. Binti alinitumia fedha kila mwezi, nami nikijua kuwa naye ana deni la chuo. Hata hivyo sikuwaza kumtoa Matlai, mpaka Desemba ya mwaka 2023.

Hapa ndipo penye haya yangu. Siku ile upepo ulikuwa mkali. Nilikuwa nikimwongoza Matlai kutoka uwanjani, nami, kwa uvivu wa kuogopa baridi, nilikuwa nimeizungusha kamba mkononi juu ya glavu. Binti yangu alinionya mara kumi nisifanye hivyo kamwe. Turubai lililofunika marobota ya nyasi likachomoka upande mmoja, likapiga kama tanga lililokatika. Matlai aliruka. Kamba ikakaza. Alinikokota hatua chache, kisha akasimama mwenyewe, akageuka kunitazama akitetemeka. Mkono wangu wa kulia ulivunjika pale kwenye kifundo.

Binti aliponipigia simu usiku nilimwambia nimeteleza kwenye barafu mbele ya mlango. Nani angetia shaka? Minnesota nzima huteleza. Nilijua kwamba nikimwambia kweli ataacha kazi arudi, au atamwona Matlai kuwa ndiye mkosa, na yote mawili sikuyataka. Kwa hiyo nikasema uwongo mdogo, kisha ikanibidi niulinde kwa mwingine: nikamwambia kwamba mkono huu hautaweza tena kazi za bandani, na gharama zimezidi, basi tumtafutie Matlai nyumba mpya. Alilia. Kisha akasema, "Sawa, Baba. Lakini usimuuze kama gunia."

Ndugu zangu, kumpatia farasi nyumba si sawa na kuuza gari. Mustang hulindwa na serikali wakati yuko chini ya dhamana yake. Mlezi akikamilisha mwaka na kupewa hati ya umiliki, mnyama huwa mali ya mtu binafsi kama mbuzi. Machinjio ya mwisho ya farasi nchini Marekani yalifungwa mwaka 2007, lakini farasi waliendelea kusafirishwa hadi Mexico na Kanada kwa ajili hiyo. Farasi hupita mnadani mara moja, mbili, kila mara bei ikishuka na habari zake zikipungua, hadi asipatikane wa kujua kwamba mnyama huyu aliwahi kuwa na jina.

Jambo hili lilinirudisha kwenye kisa tunachojivunia sote. Mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan aliituma merikebu yake, Sultana, kutoka Unguja mpaka New York, chini ya Ahmad bin Na'aman al-Kaabi. Iliwasili tarehe 30 Aprili. Tunapokisimulia kisa hiki hutaja pembe za ndovu, karafuu, tende, na taadhima aliyopewa Ahmad bin Na'aman. Walakin miongoni mwa zawadi kwa Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Hebu fikirini: farasi waliovuka bahari mbili na kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, miezi juu ya maji. Walipofika, katiba ya nchi haikumruhusu Rais kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Bunge. Likajadiliwa, likaamuliwa, na farasi wale wakauzwa mnadani, fedha zikaingia hazina. Katika masimulizi niliyoyasoma habari zao zinakomea pale. Lulu zina mahali pa kuwekwa, na zulia lina mahali pa kukunjwa. Kiumbe kinachokula hupewa bei, kikaondoka na mnunuzi. Nilijiambia kuwa Matlai hataondoka hivyo.

Nikaandika tangazo. Nimeandika barua za forodha Mombasa na kumbukumbu za wagonjwa hapa, kwa hiyo tangazo lilikuwa fasaha. Nilitaja umri, urefu, alama ya shingo, chanjo, cheti cha kipimo cha damu kiitwacho Coggins ambacho kwa kawaida farasi hatakiwi kuvuka mpaka wa jimbo bila hicho. Nilisema anapandwa na mkubwa na mdogo, anavuka maji na madaraja, anapanda trela bila kusukumwa, anasimama kwa fundi wa kwato kama mtu anayenyolewa. Sababu ya kumtoa: mwenyewe amehamia mbali. Aibu: hana.

Yote niliyoyaandika yalikuwa kweli, ila neno la mwisho.

Wa kwanza kuja alikuwa bwana mwenye trela kubwa. Alimtazama Matlai meno na miguu, akanitolea dola 4,500 taslimu, noti zikiwa tayari. Hakuuliza jina lake wala chakula chake, wala hakutaka kumpanda. Nilipomuuliza atampeleka wapi alisema ana wateja. Simtuhumu kwa lolote. Huenda wateja wake walikuwa watu wema. Nilimwambia nitafikiri, naye akacheka, akasema kwamba bei ya leo si ya kesho. Usiku ule sikulala vizuri. Fedha ile ingelipa sehemu ya deni la binti yangu, na mimi ni mtu aliyehesabu senti maisha yake yote.

Wiki ya pili walikuja watu watatu kutoka upande wa Princeton, dakika 45 kwa barabara ya 169: mama, binti yake wa miaka kumi na mitatu, na babu aliyekuwa zamani mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mama alinieleza tangu mlangoni kwamba hana zaidi ya dola 2,500, na katika hizo elfu moja atailipa kwa miezi mitano. Msichana alikuwa katika klabu ya vijana ya 4-H na alikuwa akipanda farasi wa kuazima. Hakumwendea Matlai moja kwa moja. Alisimama ubavuni, mkono chini, akangoja. Matlai akamnusa bega, akashusha kichwa.

Nilikuwa nimempigia binti yangu simu ya picha, nikaisimamisha juu ya ukingo wa uzio ili naye aone. Msichana akampanda, akamzungusha pande zote mbili, akamsimamisha, akamrudisha nyuma hatua tano. Babu yake hakusema neno. Alitazama miguu tu. Aliposhuka, msichana alitoa karatasi mfukoni yenye maswali aliyoyaandika nyumbani. Anakula nini? Anaogopa radi? Amewahi kuugua tumbo? La saba likawa: "Amewahi kumuumiza mtu?"

Jamaa zangu, marehemu baba yangu alikuwa akiuza samli na papa mkavu, hapo kwenye barabara ya ng'ambu ya msikiti. Papa akiwa na upande uliooza, aliugeuza upande huo juu, mteja auone kwanza. Alinifundisha kuwa muuzaji anayeficha aibu ya bidhaa ameuza na baraka zake. Chuoni tukasomeshwa jambo hilo hilo kwa Kiarabu, na hiari ya mnunuzi anayegundua aibu baadaye. Miaka hamsini nimejua hukumu hii. Nikatazama simu pale uzioni, uso wa binti yangu umo ndani yake, nikaona kwamba siwezi kumjibu mtoto wa watu bila kumjibu na wangu.

Nikasema ndiyo. Nikasimulia habari ya upepo, turubai, na kamba niliyoizungusha mkononi. Nikasema kosa lilikuwa langu, lakini hofu ya turubai ni yake, na mwenye kumchukua lazima aijue. Msichana akaandika. Babu yake akaniuliza jambo moja tu: "Baada ya kukuangusha, alifanya nini?" Nikamwambia alisimama akanisubiri. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia alichokihitaji.

Katika simu palikuwa kimya. Kisha binti yangu akasema kwa Kiswahili, "Baba, kumbe si barafu." Nikasema, "Si barafu, mwanangu." Akaniambia tutazungumza usiku. Tulizungumza mpaka saa saba, na sehemu kubwa ya maneno yale ni yetu wawili. Moja nitawapa: alisema hakuudhika kwa sababu nilivunjika, aliudhika kwa sababu nilivunjika peke yangu.

Tulipatana na watu wa Princeton. Hapa ukarani na fiqhi vilikutana. Huku Marekani baadhi ya wauzaji hutoa farasi kwa majaribio, hata ya mwezi mzima. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, hiari ya sharti katika mauzo haizidi siku tatu. Basi mwezi ule nikauandika kuwa ni azima, si mauzo: wamchukue siku thelathini wamlishe na kumtunza, na zikiisha, wakiridhika, ndipo tuuziane. Mama yule alisema hajapata kuona mkataba uliofikiriwa hivyo. Nikaongeza masharti mawili: wakishindwa naye siku yoyote, waturudishie sisi kwanza kabla ya mtu mwingine; na asipelekwe mnadani. Nililijua hilo kuwa ahadi zaidi ya sheria, lakini ahadi iliyoandikwa huwa nzito kuliko iliyosemwa.

Pia niliwapa daftari. "Mali bila daftari hupotea bila habari," walisema wazee, nami niliandika kurasa kumi na moja. Niliweka tarehe za chanjo na kwato, kiasi cha nyasi kwa kila kiwango cha baridi, mahali anapopenda kukunwa, na ukurasa mzima juu ya turubai. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa lugha, kwa sababu binti yangu alimfundisha Matlai kwa maneno ya nyumbani. Anajua "simama", "taratibu", "rudi nyuma" na "haya twende". Msichana aliyasoma mara tatu, akiniuliza kila silabi. Aliposema "haya twende" kwa sauti yake ya Princeton, masikio ya Matlai yakasimama, naye akapiga hatua. Niligeuka upande nikajifanya kufunga lango.

Azima ikaisha salama, na mauzo yakakamilika Septemba 2024. Binti yangu alikuja kutoka Seattle kumuaga. Niliporudi Champlin jioni ile nilisimama kidogo kwenye ukingo wa Mississippi, taa za Anoka zikiwaka ng'ambo, nikamkumbuka baba.

Baba yangu alipandishwa jahazi Shihr, Hadhramaut, akiwa mtoto wa miaka kama tisa, akaja Lamu na ami yake. Nasema "kama tisa" kwa kuwa hakuna aliyeandika. Hakuna barua iliyofuatana naye ya kusema mtoto huyu anaogopa nini, analala upande gani, mama yake alikuwa akimwitaje. Aliyempokea alikuwa mtu mwema, na sisi sote ni matunda ya wema ule. Lakini mara nyingine usiku baba alikuwa akiamka kwa sauti fulani ya upepo, nasi hatukujua kwa nini, na yeye hakupata wa kumuuliza.

Mwezi wa Januari babu yule wa Princeton alinitumia picha. Matlai amesimama katika theluji, manyoya yamefura kama ya dubu, na nyuma yake turubai la buluu limetandazwa chini, kwato zake mbili za mbele ziko juu yake. Imewachukua miezi minne, aliandika, wakianza na kipande kidogo kama leso.

Picha nimeiambatisha hapa muione. Na kila mwenye habari za wazee wetu waliovuka, za jahazi walizopanda na watu waliowapokea, aniletee hata mistari miwili. Daftari bado lina kurasa.

Wabillahi tawfiq.